Mtalii hupanga mwaka mzima, mkulima naye apange

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika vijiji na miji midogo iliyo kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti, wageni wanakuja kwa maelfu kila mwaka, lakini wenyeji wengi bado wanasubiri kupona. Magari ya watalii hupita Makuyuni, hupita Mto wa Mbu, kisha hupanda mlima hadi Karatu. Nyuma yake huja magari ya mahitaji yaliyobeba nyanya, mayai, saladi, viazi na matunda ya kuwalisha watalii hao huko mbugani. Mara nyingi mzigo huo umenunuliwa katika masoko ya Arusha mjini, ukapitishwa mbele ya mashamba ya watu wanaolima vitu hivyo hivyo.

Malalamiko ya wakulima hao yanafahamika. Wanasema hoteli zinawadharau, wanunuzi wana watu wao, na mkulima mdogo hana pa kuingilia. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kalenda. Mtalii wa kawaida kutoka Ulaya au Marekani huanza kupanga safari yake miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya kufika. Mkulima wa kando ya barabara huanza kupanga kilimo chake akishaona magari yameongezeka. Mmoja anapoketi mezani, mazao ya mwenzake ndiyo kwanza yanatoa maua.

Hapana budi, basi, mkulima na mfanyabiashara mdogo waelewe namna mgeni anavyojiandaa. Anayejua maandalizi hayo anajua atauza nini, lini na kwa kiasi gani. Asiyeyajua atabaki kuhesabu magari.

Safari huanza mbali

Jambo la kwanza analoamua mtalii ni mwezi. Wanyama hawakai mahali pamoja mwaka mzima, na kila anayetafuta habari za Serengeti huelezwa hivyo tangu siku ya kwanza. Kati ya Januari na Machi nyumbu huwa katika nyanda za kusini, upande wa Ndutu, ambako huzaa kwa wingi hasa mwezi Februari. Masika yanapokolea huanza kuelekea kaskazini na magharibi, na ifikapo Juni wengi huwa maeneo ya Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, wakivuka Mto Mara kwenda na kurudi kati ya Serengeti na Masai Mara ya Kenya. Mvua za vuli zinapoanza Novemba, hurejea kusini.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuona nyumbu wakivuka mto hachagui Aprili, na anayetaka kuona ndama hachagui Agosti. Kambi zilizo karibu na maeneo hayo hazina vyumba vingi, ndiyo maana huwahiwa mapema. Mtalii hulipa amana ili chumba chake kishikiliwe, na kwa kawaida hutakiwa kumaliza salio mwezi mmoja au miwili kabla ya kusafiri.

Baada ya hapo yanafuata maandalizi mengine. Lipo suala la viza, ambayo tangu Novemba 2018 inaweza kuombwa kwa njia ya intaneti. Ipo bima ya safari, zipo dawa za kinga ya malaria, na kipo cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo. Kisha inakuja orodha ya mizigo. Anayeruka kwa ndege ndogo kwenda viwanja vya ndani ya hifadhi huambiwa abebe begi laini, na kwa kawaida lisizidi kilo 15. Huambiwa avae nguo za rangi ya kaki au majani makavu, aepuke bluu na nyeusi kwa sababu rangi hizo huwavutia mbung'o. Huambiwa abebe sweta, kofia, na asije na mifuko ya plastiki kwa kuwa Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Katikati ya maandalizi hayo kuna karatasi moja ambayo ni muhimu kwa mkulima kuliko zote. Ni fomu ambayo kampuni nyingi za utalii humpa mteja ajaze kabla ya safari, akieleza anakula nini na hali nini. Yumo asiyekula nyama, yumo anayetaka nyama ya halali tu, yumo ambaye ngano humdhuru, yumo mtoto anayetaka matunda kila saa. Kampuni huijumlisha fomu hiyo na kuipeleka hotelini, na mpishi mkuu huifanyia kazi.

Maana yake ni kwamba wiki nyingi kabla ya ndege kutua KIA, yuko mtu Arusha anayejua idadi ya wageni watakaolala kila kambi, usiku gani, na watakula nini. Habari hizo zina thamani kama mbolea. Tatizo ni kwamba haziteremki hadi shambani.

Fedha zinazopita

Biashara hii si ndogo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, idadi ilishuka hadi takriban 620,000. Baadaye ilipanda tena, na mwaka 2024 ilivuka milioni 2. Si wote waliokwenda mbugani, lakini mikoa ya kaskazini ndiyo kitovu cha safari za wanyama.

Swali ni kiasi gani cha fedha hizo kinabaki kwa watu wa kawaida. Utafiti wa taasisi ya ODI ya Uingereza kuhusu utalii wa kaskazini, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kwamba katika fedha zinazotumika nchini kwa safari za mbugani, takriban asilimia 18 ziliwafikia watu wa kipato cha chini. Kwa wanaopanda Mlima Kilimanjaro kiwango kilikuwa asilimia 28. Mlimani wapo wapagazi wengi, na chakula cha msafara hununuliwa katika masoko ya jirani. Utafiti huo ni wa zamani kidogo, lakini somo lake halijachakaa: kadiri chakula na kazi vinavyotoka karibu, ndivyo fedha inavyobaki karibu.

Hakuna anayeweza kuhamishia mlima Karatu. Lakini nyanya za Karatu zinaweza kuingia jikoni mwa hoteli iliyo Karatu. Mto wa Mbu una mifereji, ndizi na mpunga. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, inajulikana kwa vitunguu. Miinuko ya Karatu inastawisha ngano, maharage, kahawa na mboga za aina nyingi mahali ambapo maji yapo. Eneo hilo lina ardhi nzuri na watu wanaojituma. Kinachokosekana ni kuipanga kazi kwa hesabu ya anayeila.

Kalenda mbili ziwekwe pamoja

Msimu mkubwa wa watalii kaskazini ni Juni hadi Oktoba. Msimu wa pili huanza karibu na Krismasi na kuendelea hadi mwanzoni mwa Machi. Aprili na Mei, masika yanaponyesha na barabara za mbugani kuharibika, wageni hupungua na baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Hapo ndipo wakulima wengi huona kwamba biashara ya hoteli imelala, nao hulala nayo. Ni kosa kubwa, kwa sababu miezi ambayo mgeni hayupo ndiyo miezi ya kumwotesha chakula.

Chukua mfano wa nyanya. Miche hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja. Ikishahamishiwa shambani huhitaji siku 75 hadi 90 kabla ya kuanza kuvunwa, kutegemea mbegu na baridi ya mahali. Anayetaka kuuza nyanya mwanzoni mwa Julai anapaswa kuwa amesia mbegu mwanzoni mwa Machi. Miche hiyo itakua wakati wa masika, ambapo bakajani humaliza shamba kwa siku chache. Kwa hiyo lazima mkulima ajiandae kwa matuta yaliyoinuka, nafasi ya kutosha kati ya mche na mche, miti ya kuegemeza, na dawa inayopuliziwa kwa ratiba, au ajenge banda kitalu ikiwa mtaji unaruhusu. Ndiyo sababu nyanya ya Julai huwa na bei: wengi wamekwepa usumbufu huo.

Vitunguu hukaa kitaluni wiki sita hivi, kisha miezi mitatu hadi minne shambani. Uzuri wake ni kwamba vikikaushwa vizuri hutunzika, hivyo mkulima ana nafasi ya kupumua. Viazi mviringo na karoti huchukua miezi mitatu hadi minne. Saladi huwa tayari kwa miezi miwili tangu kusia, lakini haingojei. Ikipita siku zake huchungulia maua na kuwa chungu. Anayelima saladi kwa ajili ya hoteli hapandi shamba zima siku moja. Hupanda kitalu kidogo kila baada ya wiki mbili ili kila wiki awe na cha kukata.

Mayai yana hesabu iliyo wazi kuliko yote. Kambi yenye wageni 40, kila mmoja akila mayai mawili asubuhi, hutumia mayai 80 kwa siku. Kwa siku 30 ni mayai 2,400, sawa na trei 80, bila kuhesabu ya keki na mapishi mengine. Kuku 100 wanaotunzwa vizuri na kutaga kwa asilimia 80 hutoa mayai 80 kwa siku. Yaani kambi moja ya ukubwa wa kati inaweza kulishwa mayai na kuku 100 wa kaya moja. Lakini kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Anayetaka kuuza mayai Juni lazima awe na vifaranga mapema Januari, wakati ambapo mtalii wa Juni naye yuko kwake akilipa amana. Hapo ndipo kalenda mbili zinapokutana.

Kiasi kidogo, kila wiki, bila kukosa

Hoteli haitaki tani tano za kabichi siku moja. Inataka kilo 60 Jumanne na kilo 60 Ijumaa, kwa miezi mitano mfululizo, ukubwa uleule na usafi uleule. Mkulima mmoja mwenye nusu ekari ni vigumu kutimiza hilo. Mvua ikimpiga au pampu ikiharibika, mpishi hana mboga, na mpishi asiye na mboga huchukua simu na kuita Arusha. Akishaita mara mbili, haiti tena kijijini.

Ndiyo maana kikundi ni jambo la lazima. Wakulima 15 wanaopanda kwa zamu, wenye mtu mmoja wa kupokea oda, mzani mmoja na kitabu kimoja, wanaweza kuziba pengo la mwenzao anapopatwa na tatizo. Kikundi kikisajiliwa, kikawa na akaunti benki na risiti zinazokubalika, ofisa ununuzi wa hoteli hana kisingizio cha kukikataa.

Lakini wakulima nao waambiwe ukweli. Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu ya tamaa ya siku moja. Mkataba umesainiwa kwa bei fulani, kisha nyanya zinapanda bei katika soko la Kilombero, na mwanakikundi anapeleka mzigo huko usiku. Asubuhi gari la hoteli linakuta matenga matupu. Faida ya siku hiyo imelipwa kwa soko la msimu mzima. Ni heri mkataba uwe na bei inayopitiwa upya kila mwezi kwa makubaliano ya pande zote mbili, kuliko bei ya kudumu ambayo kila mmoja anaitafutia njia ya kuikimbia.

Suala la usafi halina mzaha. Mtalii ameambiwa na daktari wake ajihadhari na maji na mboga mbichi. Amekuja kwa siku saba zilizomgharimu akiba ya miaka. Akiharisha siku mbili, safari yake imeharibika, na habari zitawafikia wanaotaka kuja baada yake. Mboga inayoliwa mbichi isimwagiliwe maji machafu wala kuoshwa mferejini ambamo watu wanafua na ng'ombe wananywa. Dawa ya wadudu ikishapulizwa, zingojewe siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Atakayeandika kitabuni tarehe ya kupuliza na tarehe ya kuvuna, kisha akakionyesha kitabu hicho kwa mnunuzi, atakuwa amewatangulia wengi. Chama cha wakulima wa mbogamboga na matunda, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004 na chenye makao Arusha, ni miongoni mwa wanaofundisha mambo hayo.

Kwa wafanyabiashara wadogo

Mwenye duka, fundi cherehani na mama anayeuza shanga nao wasome orodha ya mizigo ya mtalii. Orodha hiyo inaeleza mambo mawili: atakachosahau, na atakachoweza kubeba.

Atakachosahau ni kile ambacho hakuamini atakihitaji. Wageni wengi hudhani Afrika ni joto tupu. Wanapofika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Julai huwakuta wakitetemeka. Duka la Karatu lenye sweta, soksi nzito na shuka za Kimasai lina wateja. Wengi huja na plagi za kwao ambazo haziingii katika soketi zetu za matundu matatu, na simu na kamera zote zinangoja umeme. Adapta, betri, kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni bidhaa ndogo zisizochukua nafasi dukani.

Atakachoweza kubeba hutegemea uzito. Mtu mwenye begi la kilo 15 hawezi kununua kinyago cha kilo nane, hata kikiwa kizuri namna gani. Atanunua bangili za shanga, kitenge, kikapu kidogo cha ukindu, viungo, au kahawa iliyokaangwa na kufungashwa vizuri kwa gramu 250. Asali ikifungwa katika chupa kubwa, mwenye begi la mkononi atanyang'anywa uwanja wa ndege, kwa kuwa vimiminika vya zaidi ya mililita 100 haviruhusiwi humo. Auziwe chupa ndogo, au aambiwe mapema aiweke katika mzigo unaokwenda chini ya ndege. Na yeyote asithubutu kumuuzia ngozi, pembe au jino la mnyama wa porini. Vitu hivyo vinaweza kumfikisha muuzaji na mnunuzi jela.

Ufungashaji nao una uzito wake. Mifuko ya kaki, vikapu na vitambaa vinavutia zaidi kuliko plastiki, tena ni halali. Lebo iseme bidhaa imetoka kijiji gani, nani ameitengeneza na itumike hadi lini. Vyakula vilivyosindikwa hupitia Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo pia linalosimamia usalama wa chakula. SIDO ipo kwa ajili ya kuwasaidia wasindikaji wadogo kuanza.

Jambo moja zaidi linapaswa kueleweka na wote wenye vibanda kando ya barabara. Dereva wa watalii hana uhuru mkubwa wa kusimama. Ratiba yake iliandikwa miezi mingi nyuma, na vibali vya kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa. Kumlaumu au kulizingira gari hakusaidii. Kinachosaidia ni kuingia katika ratiba kabla haijaandikwa. Mto wa Mbu walilielewa hilo mapema kupitia mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi. Mgeni hutembezwa katika mashamba ya migomba, huona wachongaji na wachoraji, na hula chakula cha mchana kilichopikwa na akina mama wa kijijini. Chakula hicho huuzika kwa sababu kimeandikwa katika ratiba. Kikundi kinachotaka kufanya kama wao kipeleke bei na maelezo kwa kampuni za Arusha mapema, kabla hazijapanga safari za msimu ujao.

Nani hulipwa kwanza?

Lipo jambo ambalo wenye hoteli na kampuni hawana budi kulisikiliza, hata kama halitawafurahisha. Kama ilivyoelezwa, mtalii kwa kawaida hulipa gharama zote mwezi mmoja au miwili kabla ya safari. Chakula chake kimelipiwa kabla hakijapikwa. Lakini mkulima aliyekilima mara nyingi huambiwa alete ankara, asubiri siku 30, kisha 60, na wengine zaidi. Kwa hesabu hiyo, mkulima wa nusu ekari ndiye anayeikopesha hoteli ya kitalii, tena bila riba.

Mkulima mdogo hawezi kusubiri siku 60. Mbegu za awamu inayofuata, dawa, vibarua na ada za shule vinamdai leo. Ndipo anapomkimbilia dalali anayemlipa papo hapo kwa bei ya chini, na hoteli inamwita mkorofi asiyeheshimu mkataba. Vyama vya akiba na mikopo vinaweza kumziba pengo kwa kumkopesha kwa dhamana ya ankara, lakini dawa ya kweli ni kumlipa kwa wakati. Hoteli inayolipa ndani ya siku 14 itapata mboga bora kuliko inayolipa bei kubwa baada ya miezi mitatu.

Halmashauri nazo hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwa biashara hizo. Sehemu ya fedha hiyo ikirudi kujenga vituo vya kukusanyia mazao vyenye kivuli, maji safi na mzani, itazaa ushuru zaidi. Na maofisa ugani wasifundishe tu namna ya kupanda, bali pia lini, kwa kuzingatia nani atakula.

Yai moja, vikapu viwili

Pamoja na yote hayo, mkulima asiweke shamba lake lote mikononi mwa mtalii. Mwaka 2020 umefundisha. Safari za ndege zilisimama, anga ikafunguliwa tena mwezi Mei, lakini wageni hawakurudi siku hiyo. Aliyekuwa amelima brokoli na saladi za kigeni kwa ajili ya hoteli peke yake hakuwa na pa kuzipeleka, kwa kuwa sokoni hazina wateja wengi. Aliyekuwa na vitunguu, viazi na mayai aliumia, lakini aliuza. Kanuni ya busara ni kuwa na mazao ambayo hoteli inayataka na mji pia unayala, kisha yale ya kigeni yalimwe kwa kiasi cha oda iliyo mkononi.

Wageni wa ndani nao wasisahauliwe. Shule, makanisa, misikiti na familia zinazokwenda Manyara au Ngorongoro wakati wa likizo na sikukuu huhitaji wali, nyama choma, ndizi na maji. Kiingilio chao hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mara nyingi kuliko cha mgeni wa nje, kwa hiyo hubakiwa na fedha ya kula. Nao pia hupanga, ingawa kwa wiki na si kwa miezi. Mwenye mgahawa anayewaandikia walimu wa shule kabla ya likizo ya Juni atawapata kabla hawajabeba chakula cha nyumbani.

Hatua ya kuanzia si kubwa wala haina gharama. Kila mwaka, kabla ya Krismasi, kampuni za utalii na hoteli tayari zina picha ya msimu wa Juni hadi Oktoba unaofuata. Zikikaa siku moja na vikundi vya wakulima, halmashauri ikiwa mwenyekiti, zikatoa idadi tu ya wageni wanaotarajiwa kwa kila mwezi bila majina wala siri za biashara, wakulima watarudi nyumbani na hesabu ya mbegu, vifaranga na mbolea. Hoteli itapunguza gharama ya kusafirisha mboga kutoka mbali. Mgeni atakula kilichovunwa asubuhi.

Mtalii atakayeingia Serengeti Julai ijayo huenda ameshachagua begi lake. Yai atakalokula bado halijatagwa, na kuku wa kulitaga huenda hajaanguliwa. Muda wa kumpata kuku huyo upo, lakini hautangoja hadi gari la kwanza lipite Makuyuni.